Batani za elfu tano: nilizitukana bure (isipokuwa mbili)

Aisee nimekaa na hizi batani ndogo za kubonyeza za 6x6 (milimita) mwezi wa pili sasa, ndo naona nina haki ya kuzisema. Nilichukua pakiti ya ishirini kwa elfu tano pale Kariakoo, duka sitalitaja, zinakuja na vikofia vya rangi. Nilikuwa nazitaka kwa kile kiskrini changu cha ukutani, Raspberry Pi 4 (kikompyuta cha bodi moja) na skrini ya inchi 7 ndani ya fremu ya mbao niliyochongewa Keko, inaonyesha nyakati za swala, hali ya hewa na kalenda ya nyumba, pia inapiga redio. Kwa nini nisitumie ya kugusa? Bibi. Anasema vioo vya kugusa havivisikii vidole vyake, na kweli nimemwona anasugua simu ya mjomba kama anafuta meza, haifunguki. Kwa hiyo batani nne chini ya fremu: ukurasa, redio, sauti, na kuzima mwanga.

Siku ya kwanza nikabonyeza ya ukurasa, Pi ikazima puu. Nikawasha, nikabonyeza, ikazima tena. Nikaanza kumtukana muuzaji kimoyomoyo. Kumbe mi mwenyewe, programu imeandika GPIO17 (jina la pini, kile kijiti cha bodi unachounganishia waya, sio namba ya nafasi yake) nami nikahesabu mpaka pini ya 17, na pini ya 17 ni volti 3.3 yenyewe, kwa hiyo kila nikibonyeza napiga shoti ya moto na graundi! GPIO17 iko pini ya 11. Bahati bodi haikufa. Kama na wewe unaanza andika tu neno pinout kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri la Pi), inakuchorea ramani yote, usihesabu kwa kidole usiku.

Ikaja ya redio, hiyo programu ikaona imebanwa muda wote wakati hakuna mtu aliyeigusa. Hizi batani zina miguu minne ila ndani ni jozi mbili tu, miguu miwili miwili imeshaungana tangu kiwandani, ukikosea ukashika jozi moja ni sawa na kuunganisha waya kwa waya. Dawa yake chukua miguu ya pembeni iliyokaa mshazari, hapo hukosei hata ukiigeuza. Na kabla hujachoma risasi (kulehemu waya) weka mita ya umeme kwenye mlio: ikilia bila kubonyeza umeshika vibaya, ikilia ukibonyeza tu uko sawa. Dakika moja, mi iliniokolea batani tatu nilizokuwa nishazitenga za kurudisha dukani.

Sasa mambo ya bibi. Anabonyeza mara moja zinaruka kurasa tatu, anaitaka Magharibi anajikuta kwenye hali ya hewa, ananiita "mjukuu wangu hiki kitu chako kina kiherehere". Hapa batani ina lawama kidogo lakini ni tabia ya batani zote za chuma, kile kisahani cha ndani kikigonga kinadundadunda kwa milisekunde kadhaa kabla hakijatulia na Pi ina kasi inahesabu kila mdundo. Kwenye gpiozero (maktaba ya Python ya kusoma pini) unaongeza bounce_time, muda wa kupuuza midundo kwa sekunde, isipowekwa haichuji kitu. Niliweka 0.3 kwanza, ukurasa ukatulia ila sauti ikawa nzito, unabonyeza haraka haraka inameza nusu. 0.05 ndo imekaa.

Iliyonitesa wiki nzima ni redio kujifungua yenyewe saa tisa usiku. Mama akaanza kusoma dua sebuleni, sitanii. Mpaka nilipokaa macho nikasikia friji linawaka, na redio hiyo hapo. Waya wa batani ulikuwa karibu mita moja na umelala sambamba na waya wa umeme wa friji, na rezista (kizuia umeme) ya ndani ya Pi inayoshikilia pini juu, yaani kwenye volti 3.3 batani isipobonyezwa, ni kama kiloomu 50, dhaifu, kwa hiyo waya unageuka antena. Nikaufupisha, nikausokota na wa graundi wake, nikaweka rezista ya kiloomu 10 kutoka pini kwenda 3.3 (sio 5 jamani, pini za Pi hazihimili 5) na kapasita (inayomeza mishtuko midogo ya umeme) ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi. Kimya mpaka leo.

Haya, lawama za kweli. Kati ya ishirini mbili ni mbovu, moja hailii kabisa, nyingine mita inacheza cheza. Miguu myembamba, ukiikunja mara mbili inakatika. Na shina ni fupi mno kwa mbao, ilibidi nikwangue nyuma ya fremu na patasi. Nilipomuuliza muuzaji tofauti na zile kubwa za 12x12 aliniambia "zote zile zile bosi", si kweli, zile kubwa bonyezo lake linasikika vizuri na vikofia vyake vinakaa, kama kifaa kitatumiwa na wazee chukua hizo. Ila nimpe haki yake, zile mbili nilivyorudisha alinibadilishia palepale bila risiti na akanipa rezista tano za bure. Duka nne kwa tano, batani tatu.

Vikofia vyenyewe sivipi hata moja. Chekundu cha redio kimepotea mara mbili, cha mwisho nadhani kiliingia chini ya kabati, sasa hivi bibi anabonyeza kifuniko cha chupa ya maji nilichokigandisha kwa gundi, na anasema hicho ndo kizuri, nimwekee na zile tatu zilizobaki.