Magic Mouth: Tabano la Ujumbe Unaomsubiri Mwenyewe

Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, lililotoka mwaka 2014, tabano la Magic Mouth limewekwa katika fungu la viinimacho, daraja la pili, na wachezaji wengi hulipita haraka wakitafuta moto na radi. Nimelitumia kwa miezi kadhaa nikiigiza mchawi msomi, nami naliona kuwa miongoni mwa njia bora za kuacha ujumbe wa siri, ilimradi mtumiaji awe hodari wa kupanga masharti.

Unachagua kitu kisichovaliwa wala kubebwa na mwingine, kilicho ndani ya futi 30, unatamka maneno yasiyozidi 25, kisha unataja sharti ambalo likitimia, kitu hicho kitatokeza mdomo na kuyasema maneno hayo kwa sauti yako mwenyewe, kwa kiasi kilekile ulichoyatamkia. Ukinong'ona, nacho kitanong'ona. Kama ni sanamu yenye kinywa, maneno hutokea hapohapo kinywani mwake, jambo ambalo limetuchekesha mezani kuliko pambano lolote. Ujumbe hudumu mpaka uondolewe kwa uchawi, na ni hiari yako uishe ukishasemwa mara moja au urudiwe kila sharti linapotimia.

Kwa sisi tunaocheza kwa Kiswahili, maneno 25 ni mengi mno. Niliwahi kuachia jiwe ujumbe huu: "Msiingie. Tumewakimbia, nao wakitufuata tutavukia darajani. Mkitukosa, tusubirini pangoni." Ni maneno tisa tu, na wenzetu walijua kila walichohitaji kujua.

Tatizo liko kwenye sharti, kwa kuwa linapaswa kuwa jambo la kuonekana au kusikika ndani ya futi 30 za kitu chenyewe. Kinywa hakisomi nia ya mtu, wala hakimtambui adui kwa uadui wake. Siku moja niliuamuru mlango useme apitapo mtu mwenye joho jekundu, nikimkusudia mwenzetu aliyebaki nyuma. Aliyetangulia kupita alikuwa mlinzi wa ngome, naye joho lake lilikuwa jekundu vilevile, hivyo mlango ukamweleza mpango wetu wote neno kwa neno. Sikuwa na wa kumlaumu, maana msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, alifuata sharti langu kama nilivyolitamka. Tangu hapo natumia ishara ya kusikika: abishe mara tatu, akohoe, kisha abishe tena mara moja.

Kulitabana huchukua dakika moja, au dakika 11 likifanywa kama ibada ili kuokoa nguvu za uchawi, kwa hiyo halimfai anayekimbizwa. Kwa dharura ya namna hiyo hata Illusory Script, tabano jingine la kuacha ujumbe kwa maandishi, haisaidii, maana nayo huhitaji dakika nzima, ingawa ni ya daraja la kwanza na huwaficha wasiohusika maandishi kwa siku 10.

Nalipa alama nne kati ya tano. Alama moja nimeikata kwa sababu ya kipande cha sega la asali na unga wa jiwe la jade wenye thamani ya vipande 10 vya dhahabu, ambavyo huteketea palepale unapotabana, hata kama hakuna mtu atakayewahi kupita mbele ya jiwe lako.