Dar mpaka Mafinga na watoto watatu: vituo tulivyosimama na alama ninazovipa

Wamama wenzangu kazini wameniuliza sana tuliwezaje kwenda Mafinga kwa gari yetu ndogo na watoto watatu, wa miaka 7, 4 na 2, na tukafika wote tunaongea vizuri, sasa naandika yote hapa kituo kwa kituo maana kila mtu namwelezea kipande anasahau anaenda kusimama palepale nilipomkataza.

Mwaka jana tulienda kama basi. Saa kumi alfajiri tumetoka Kinyerezi, chipsi tunakula kwenye mapaja, msalani mbiombio, baba watoto anasema bado kidogo, bado kidogo, watoto wakaanza kulia Mikumi wakanyamaza Ilula. Mdogo alifika kwa bibi yake amechoka mpaka homa, na siku mbili za mwanzo za likizo zikaishia hapo. Nililia kwa kweli. Mwaka huu nikasema safari naipanga mimi, tunalala njiani Iringa, na tunasimama sehemu ambazo mtoto ana kitu cha kuona na kuuliza, sio pa kula tu. Kitu nilichojifunza nawapa mapema kabisa: ukimwonyesha mtoto kitu asubuhi ukamwambia mbele kuna kingine kinachoendana nacho, hatakuuliza tunafika lini, atakuuliza hicho kingine kiko wapi.

Kuondoka ni saa kumi na nusu alfajiri, watoto mnawabeba usingizini mnawafunga mikanda na nguo zao za kulalia, msiwavalishe. Chalinze mnapita wamelala. Najua pale kuna korosho na mananasi na kila mtu anataka kushuka ila mtoto aliyelala haamshwi kwa ajili ya korosho, mtanunua mkirudi.

Kituo cha kwanza MOROGORO, kama kilomita 190 hivi, saa mbili asubuhi. Hapa sina mengi, tulitafuta sheli kubwa yenye choo kisafi na kijisehemu cha majani, nikatandika kanga, vitumbua na mayai ya kuchemsha ya nyumbani, chai ya maziwa kwenye chupa. Milima ya Uluguru iko mbele yako imevaa mawingu, watoto wanakimbia dakika ishirini wanachoka vizuri. Bure kabisa. Alama 7 kwa 10, tatu nimekata kwa sababu hakuna kivuli.

Sasa MIKUMI, hapa nitakaa kidogo.

Wengi wetu Mikumi tunaipita tu. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50 na wanyama unawaona bila kulipa chochote, sisi tuliona nyani, swala wengi sana, pundamilia na twiga wawili wanavuka lami taratibu kama wako kwao, na kweli wako kwao. Mkubwa wetu anasoma vizuri sasa, akasoma kibao cha faini za kugonga wanyama, akafika kwenye twiga dola 15,000 akamwambia baba yake "baba endesha polepole hatuna hiyo hela." Baba watoto akatii. Jamani pale mwendo wa vibao ufuateni, sio kwa ajili ya tochi tu, malori yanaua wanyama wengi mle. Na ndizi msiwarushie nyani dirishani hata watoto wakiomba vipi, wanazoea kukaa barabarani wanagongwa.

Ila mwaka huu tuliingia ndani getini, na hilo ndo lilibadilisha safari nzima. Kiingilio kwa sisi raia hakitishi, mtoto chini ya miaka 5 halipi, kwa hiyo tulilipia wakubwa wawili na mkubwa wetu tu, keshi usitegemee, andaa simu au kadi. Wahudumu wa getini walikuwa na lugha nzuri mno, wakatuambia kwa gari kama yetu tusiende mbali maana mvua zimeanza, twende bwawa la viboko ambalo liko karibu na geti halafu turudi. Tukafanya hivyohivyo. Ukiwa na gari ya chini ulizia kwanza, usijiamini ukaingia na watoto ukakwama.

Bwawani unaruhusiwa kushuka, unasimama mbali na maji. Tulifika tukaona maji ya kahawia na mawe yamejaa katikati, kimya, nikawaza haya viboko wako wapi. Wa kati, huyu wa miaka 4, akanivuta gauni akaninong'oneza, "mama hilo jiwe lina masikio." Kuangalia vizuri kweli, masikio madogo mawili yanazungushwa haraka yanarusha maji, halafu jiwe zima likapumua puuuh! na mawe yote kumbe yanapumua. Mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Tulikaa pale karibu saa nzima na hakuna aliyeomba simu, na wanangu simu wanaipenda sana.

Wakati tunatoka tukapita kinyesi cha tembo njiani, lundo kubwa, tembo wenyewe hatukuwaona. Watoto wakaanza wee kinyaa, nikawaambia kiangalieni vizuri, kina majani majani ndani mnaona? Kesho tunaenda kuona karatasi imetengenezwa na hicho. Wakakataa kabisa. Mkubwa akasema mama hiyo haiwezekani. Nikamwambia kesho. Mikumi nawapa 10 kwa 10 bila kufikiria.

Chakula cha mchana ndo penye lawama. Tulisimama hoteli moja ya barabarani, jina sitaji, ni hizi zinazoshusha mabasi. Kwa nje wamechora vibonzo vya watoto ukutani na wameandika kuna michezo ya watoto, ndani bembea mnyororo mmoja umekatika umening'inia na chuma kimechongoka. Choo hakina maji, ndoo iko mlangoni tupu, na getini unalipishwa. Chipsi kuku sahani moja elfu 12, chipsi za baridi, nikamwomba dada anipashie kidogo ni za mtoto akaniambia kwa sauti basi linakuja nina haraka. Mimi nililipa kama hao wa kwenye basi! Mtoto wa miaka 2 hawezi kula kwa dakika kumi. Hizi hoteli zimepangwa kwa mwendo wa basi, na mimi naamini anayeandika nje karibuni watoto anapaswa kuwa na maji chooni kabla ya vibonzo ukutani. Alama 2, na hizo mbili ni za yule kijana wa parking aliyetusogezea gari kivulini. Mkirudia njia hii bebeni chakula cha mchana, kuleni palepale Mikumi, au tafuteni mgahawa wa pembeni usioshusha mabasi.

Baada ya Mikumi unashuka bonde la MIBUYU, kuelekea Ruaha Mbuyuni. Jua kali, joto, ila mibuyu pande zote mpaka milimani, mingine minene haielezeki. Tulisimama sehemu pana nje kabisa ya lami, baba watoto akaweka alama zake za usalama, tukachagua mmoja tukashikana mikono watano wote tuuzunguke. Haukuzungukika, hata nusu hatukufika. Mkubwa akaweka shavu kwenye gome akasema lina baridi, na kweli mchana ule wa jua gome lilikuwa la ubaridi, nyororo kama ngozi ya mtu. Dakika kumi na tano tu zinatosha. Ruaha Mbuyuni penyewe ni vitunguu, vitunguu, vitunguu, vimening'inizwa kwenye vibanda kama shanga, tulichukua vya bibi na ubuyu wa watoto. Alama 8. Angalieni tu watoto na malori, mkono wa mtoto usiachwe hata sekunde.

Kabla ya mlima KITONGA tahadhari kwa wenye watoto wa kutapika. Kona zile na malori yanayojikokota mbele yako, ukimpa mtoto maziwa Ruaha Mbuyuni atakurudishia Kitonga. Maji kidogo, limao la kunusa, dirisha wazi, na ndoo ndogo yenye mfuniko miguuni maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na bahasha za kaki hazizuii kitu. Ndoo yangu ni kopo la aiskrimu la lita nne, limeniokoa mara mbili. Tuliimba kupanda mlima wote.

Iringa tuliingia saa kumi na mbili kasoro jioni. Lodge ilikuwa ya kawaida, safi, maji ya moto yapo. Bebeni masweta, Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500, watoto wa Dar usiku wanatetemeka hata Desemba.

Asubuhi tukaenda NEEMA CRAFTS na hapa natamani kila mzazi afike. Ni mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Anglikana, ulianza 2003, wanaofanya kazi pale ni watu wenye ulemavu, na mgahawani wahudumu wengi ni viziwi. Unaagiza kwa kuandika kwenye karatasi. Basi mkubwa wetu akaomba aandike yeye, darasa la pili huyu, akakaza ulimi pembeni ya mdomo akaandika JUSI 3 CHAI 2 KEKI. Wa kati hajui kuandika akachora kikombe na mistari ya moshi juu. Dada muhudumu akaiangalia ile picha, akacheka kwa macho, akawafundisha watoto ishara ya asante polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mdogo naye akaiweza. Siku nzima ile wanangu walikuwa wanashukuruana kwa mikono kwenye gari, mmoja akipewa biskuti, mwenzake akipokea maji. Sikuwafundisha mimi.

Halafu karakana. Kuna kufuma, kuna shanga, na kuna ile karatasi ya kinyesi cha tembo, ndo kazi waliyoanza nayo. Mkubwa alisimama mbele yake ameshika kiuno. Akainusa. Akaniambia hainuki mama. Akanusa tena. Akauliza wanaosha mara ngapi, wanachemsha, nani anaenda kukiokota, na akajibiwa vizuri maswali yote bila kukimbizwa. Tulinunua kadi mbili. Bei za duka la zawadi si za sokoni na msitegemee kupunguziwa sana, ni kazi ya mikono ya watu na mimi nililipa kwa moyo mmoja. Chai wanachelewesha kidogo, watu wengi, pelekeni watoto wakiwa hawajazidiwa na njaa. 10 kwa 10. Jumapili msiende, wanapumzika.

Cha mwisho ISIMILA, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa njia hiyohiyo ya Mbeya, kwa hiyo kwa sisi wa Mafinga haitupotezi hata kidogo. Kuna makumbusho madogo, halafu unashuka korongoni na mwongozaji. Zana za mawe za watu wa kale kabisa zimelala pale zilipokutwa, mashoka ya mkono ya mawe, unaziona kwa macho yako. Mwongozaji akaeleza zamani hapa palikuwa na ziwa na kulikuwa na kiboko mkubwa kuliko wa sasa, macho yake yamechomoza juu sana ya kichwa. Wa kati akapiga kelele, "kama yale mawe ya jana!" Mwongozaji hakuelewa, nikamsimulia bwawa la Mikumi, naye akachuchumaa akamchorea mtoto kichwa cha kiboko mchangani kwa kijiti, macho akayaweka juu kabisa. Nguzo za udongo mle korongoni ni ndefu kama maghorofa, ukisimama katikati unakuwa mdogo.

Mapungufu yapo. Jua la saa sita ni kali na kivuli hakuna, mdogo nilimbeba mgongoni muda wote kwa kanga, njia ya kushuka ina kokoto za kuteleza, na pale hamna duka la maana la maji. Nendeni asubuhi mapema, kofia, viatu vya kufunga, maji lita mbili angalau. Kwa mtoto chini ya miaka 3 ataona kidogo. Alama 8. Kalenga kwenye fuvu la Mkwawa, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, hatukwenda, nataka mkubwa aende akishalisoma darasani.

Mafinga tulifika saa tisa mchana. Mdogo alishuka mwenyewe akamkimbilia bibi yake, wa kati akaanza kusimulia jiwe lenye masikio kabla hata hajasalimia, nikamkumbusha shikamoo, akaamkia akaendelea palepale. Mkubwa akampa bibi ile kadi na hakumwambia imetengenezwa na nini mpaka bibi alipomaliza kuisifia na kuibusu.