Vichwa vya shawa vya kuokoa maji: kipi kinafaa nyumba ya Nakuru

Katika nyumba nyingi za Nakuru, kuanzia Kiamunyi hadi Lanet, maji ya bafuni hushuka kutoka kwenye tangi lililowekwa juu ya paa au juu ya mnara wa vyuma, kwa sababu maji ya mgao hayana budi kuhifadhiwa kwa ajili ya siku ambazo mifereji imekauka. Mpangilio huo ndio unaoamua ni kichwa kipi cha shawa kitakachokufaa, ingawa maboksi ya madukani huutaja kwa nadra. Kwa hiyo nimevipanga vichwa hivi kwa kutazama kwanza nguvu ya maji, kisha kiasi kinachookolewa, na bei mwisho.

Maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 hutoa msukumo wa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo). Ikiwa tangi lako liko mita 2 tu juu ya kichwa cha shawa, unaoga kwa msukumo wa baa 0.2 hivi, ilhali vichwa vingi vinavyotoka ng'ambo vimepimwa kwa msukumo ulio mkubwa mara nyingi zaidi. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha galoni 2.5 kwa dakika, yaani lita 9.5 hivi, na kipimo hicho huchukuliwa kwenye msukumo wa takriban baa 5.5. Muuzaji akikuonyesha tarakimu hiyo kwenye boksi, usidhani kwamba ndiyo utakayoipata chini ya tangi lako. Kichwa hicho hicho huenda kikawa kinadondosha tu.

Kabla ya kwenda dukani, weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa uliyo nayo, fungua maji hadi mwisho na utazame saa. Ndoo ikijaa kabla ya dakika moja kwisha, una maji ya kutosha kuokoa. Ikichukua zaidi ya dakika mbili, shawa yako tayari inatoa chini ya lita 5 kwa dakika, na kununua kichwa cha kupunguza mtiririko ni kutupa fedha. Afadhali kwanza usafishe matundu yaliyoziba au umwombe fundi wa mabomba aliinue tangi.

Faida yenyewe ni rahisi kuipiga hesabu. Mtu anayeoga dakika 8 kwa shawa ya lita 10 kwa dakika hutumia lita 80, na kwa shawa ya lita 6 hutumia lita 48. Katika nyumba ya watu watano wanaooga mara moja kwa siku, tangi la lita 1,000 likitumika kwa kuoga peke yake litakwisha kwa siku mbili na nusu katika hali ya kwanza, na katika hali ya pili litapita siku ya nne. Ni kweli kwamba ndoo moja na kata bado huzishinda shawa zote kwa kubana maji, na anayeoga hivyo hana haja ya kununua chochote.

Nafasi ya kwanza naipa shawa ya mkononi yenye mpira mrefu na kitufe cha kuzimia maji kwenye mpini, mradi uso wake uwe mdogo na wenye matundu membamba. Haitegemei msukumo ili kuokoa maji: unajilowesha, unabonyeza kitufe, unajipaka sabuni, kisha unafungua tena. Ukizima maji kwa dakika 3 kati ya zile 8, umeokoa zaidi ya theluthi moja bila kupunguza mtiririko hata kidogo. Vitufe vingi huacha maji kidogo yakichuruzika hata vikizimwa, kwa hiyo funga mfereji wenyewe unapomaliza kuoga. Chagua yenye vitundu vya mpira laini, kwa kuwa maji yanaporudi baada ya mgao huja na mchanga na kutu, na uchafu huo huondoka kwa kusuguliwa na kidole gumba. Ile ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha hung'aa dukani lakini hubabuka mapema. Plastiki nyeupe ya kawaida haina hila hiyo.

Ya pili ni shawa inayochanganya maji na hewa, ambayo hutoa matone mazito yanayohisiwa kama maji mengi ingawa ni machache. Kwa nyumba yenye pampu ya kuongeza msukumo, au ghorofa ya chini katika jengo ambalo tangi liko ghorofa kadhaa juu, ningeiweka ya kwanza bila kusita. Lakini huhitaji msukumo unaokaribia baa 1 ili ifanye kazi vizuri, na chini ya tangi la kawaida la nyumba isiyo ya ghorofa haina maana.

Nafasi ya tatu ni kidhibiti mtiririko, kipande kidogo cha plastiki kinachopachikwa kwenye maungio ya nusu inchi nyuma ya kichwa ulicho nacho. Ndicho cha bei ya chini kabisa, na kinamfaa mwenye nyumba za kupangisha anayelipa bili ya maji mwenyewe, ikiwa msukumo upo.

Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo naiweka ya nne, kwa kuwa inaokoa maji kwa kulazimika tu. Kifaa cha kilowati 5.5 kinaweza kupandisha joto la maji kwa nyuzi 26 hivi yakipita lita 3 kwa dakika, lakini kwa nyuzi 16 tu yakipita lita 5. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji ya alfajiri ni baridi, kwa hiyo mwogaji huupunguza mfereji mwenyewe. Kule Kisumu, kando ya ziwa, wengi hawana haja ya kifaa hicho. Ukiwa nacho, usipachike kidhibiti wala kitufe cha kuzimia upande ambao maji yanatokea, kwani msukumo unaweza kukipasua, na waya wa ardhini usiachwe kamwe.

Vichwa vipana vya kumwaga maji kama mvua sivihesabu miongoni mwa vya kuokoa. Vile vyenye vijiwe vya rangi ndani huuzwa kwa madai ya kusafisha maji, na hapa mjini baadhi ya wauzaji huyahusisha na floraidi, ambayo ni nyingi katika maji ya visima vya Bonde la Ufa. Vijiwe hivyo haviiondoi. Floraidi hudhuru meno na mifupa kwa kunywewa, na kinachoipunguza ni vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi navyo kwa miaka mingi, au mitambo ya utando, inayoyachuja maji kwa kuyasukuma kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Vyote hivyo mahali pake ni kwenye maji ya jikoni.