Vidonge vya TB vya 4 kwa 1: nyota 4 kati ya 5

Mdogo wangu kamaliza dozi juzi juzi, naandika hii kwa anayeanza au anayeuguza mtu. Kidonge 1 kina rifampisini 150 mg, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275, unapewa kulingana na kilo zako, dogo alikuwa na kilo 50 akawa anameza 3 kwa mkupuo asubuhi kabla hajala kitu. Bure kabisa kwenye kituo cha serikali. Kuunganisha dawa 4 kwenye kidonge kimoja hapo wametusaidia sana maana huwezi kuruka moja ukameza nyingine. Ila ni vikubwa, tumbo linasokota, na mkojo unatoka rangi ya chungwa, mama alijua ni damu akapiga yowe, nesi akasema ni rifampisini tu hiyo msiogope.

Shida yenyewe ni miezi 6. Miwili ya dawa zote 4, halafu minne ya rifampisini na isoniazidi, na kikohozi kinakata mapema mno, dogo akaanza kunenepa akasema mimi nimepona basi. Ikabidi nisome ndo nimwelewesh​e. Kumbe bakteria wa TB ana vimeng'enya 11 vinaitwa kinasi, vinabandika fosfati kwenye protini nyingine kuzipa amri. Kuna kinasi inaitwa PknB, ikiibandika fosfati protini ya CwlM basi ujenzi wa ukuta wa bakteria unachapa kazi, mwaka 2016 watafiti walionyesha kimeng'enya cha kwanza cha ujenzi huo kinaongeza kasi kama mara 30. Chakula kikipungua fosfati inatolewa, ujenzi unazorota, bakteria anatulia tuli na antibayotiki nyingi zinampita tu. Sasa isoniazidi inaua kwa kuharibu ukuta unaojengwa, asiyejenga utamuua na nini? Na huyo hajabadilika jeni hata kidogo, ukiacha dawa anaamka anaanza kuzaliana upya. Pirazinamidi ndo inawapata vizuri hao waliotulia, kwahiyo imo humo kwa sababu, na waliobaki wanahitaji muda.

Kliniki yetu walituambia "maliza dozi" bila kusema kwanini, na nilivyomwelezea dogo hivi hakunisumbua tena, jamani waelezeni wagonjwa wanaelewa!

Nyota 1 nimeikata kwa ukubwa wa vidonge na tumbo. Macho yakigeuka njano, au ukaanza kuona ukungu au rangi hazieleweki, rudi kituoni siku hiyo hiyo.