Kiondo au kikapu cha ukindu?

Sokoni vinaweza kuning'inizwa msumari mmoja, lakini vinatengenezwa kwa njia mbili tofauti kabisa.

Kiondo ni kazi ya akina mama wa Kikamba na Kikuyu, bara ya Kenya. Katani husokotwa kwa kiganja juu ya paja mpaka iwe uzi, kisha ufumaji huanzia katikati ya kitako na kupanda kwa kuzunguka, nyuzi mbili zikipishana kukumbatia kila uzi uliosimama. Hakina mshono hata mmoja, ndiyo maana hubeba viazi na nazi bila kulegea. Zamani Wakamba walitumia pia nyuzi za gome la mbuyu. Siku hizi utakuta vya nailoni. Vinang'aa, sikatai, ila mkononi havina uzito ule.

Kikapu cha ukindu, kile cha Pwani, hushonwa. Majani ya mkindu, ndiyo ukindu wenyewe, huanikwa, huchanwa chane nyembamba, baadhi huchemshwa kwenye rangi, halafu husukwa ukili, yaani utepe mrefu. Ukili huzungushwa na kuungwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea ukili. Kabla ya kulipa, kipindue uchungulie ndani: mishono ikiwa imeachana, usikinunue hata kama rangi zake zimekuvutia.

Ukindu ni mwepesi na bei yake kwa kawaida ni nafuu, ila ukiachwa juani hukauka na kukatika kwenye mikunjo. Kwa mkate na mboga za majani, nachukua huo. Kwa mizigo ya kweli, kiondo cha katani, na bei yake silalamiki.