Tranka la kaka: kadi 2,614 za kikapu na bei niliyopewa

Kaka yangu aliporudi kutoka masomoni Ohio mwaka 1993 alishuka na masanduku mawili, moja la nguo na moja la kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu, zile picha ndogo za karatasi ngumu ambazo Wamarekani hukusanya na kuuziana. Nguo tuligawana siku hiyohiyo. Kadi alizihamishia kwenye tranka lake la sekondari, akatia kufuli, akatuambia: "Hii ni ada ya watoto, asiguse mtu." Hakuna aliyegusa. Tranka lilihama naye humuhumu Dodoma, kutoka Kikuyu hadi Area C, na kutoka Area C hadi Nzuguni alikojenga. Hata miaka ile wifi anakopa kikoba ili watoto wasirudishwe shule, ada yao ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa, inasubiri kupanda bei.

Mwaka juzi kaka alitutoka. Baada ya arobaini wifi akaniletea ufunguo kibandani kwangu, sokoni Majengo. "Wifi, wewe ndiye unayejua biashara." Mimi ni fundi cherehani, biashara ninayoijua ni bei ya zipu. Lakini jambo la marehemu halikataliwi. Nikafunga mapema, nikapanda daladala la Nzuguni.

Haya ninayoandika ni tathmini ya bidhaa, yaani hizo kadi kama akiba ya kuja kuuza, na ya wanunuzi wawili niliowafuata. Bidhaa naipa nyota mbili kati ya tano. Mnunuzi wa pili nampa nne, ingawa siku aliyonitajia bei nilitamani nimpe sifuri.

Tulifungua tranka barazani, mimi, wifi na mwanawe wa mwisho ambaye yuko chuo. Nusu ya kadi zilikuwa kwenye albamu yenye kurasa za plastiki, nusu zilifungwa mafungu kwa rababendi. Joto la Dodoma lilishaziyeyusha zile rababendi zikawa kama ulimbo. Ukivuta, inabanduka na rangi ya picha. Kila fungu, kadi ya juu na ya chini zilikuwa na mkato ubavuni. Hapo macho ya ufundi yalinisaidia, maana kadi inakaguliwa kama gauni la harusi kabla mteja hajafika: pembe zimesimama au zimelegea, kingo zimetoa nyuzi au bado, picha imekaa katikati au imeegemea upande. Baadaye nikajua kampuni ya PSA ya Marekani inazipima hivyohivyo, inatoa alama 1 hadi 10 na kuifungia kadi ndani ya plastiki ngumu. Tofauti ya 9 na 10 mimi siioni hata nikivaa miwani, ila bei inaiona.

Zilikuwa 2,614. Kijana alihesabu mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshaanza kuota gari.

Ndoto yenyewe ilikuwa na chanzo. Januari 2021 kadi ya Michael Jordan iliyochapwa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, yenye alama 10, iliuzwa dola 738,000. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle wa besiboli, ya Topps ya mwaka 1952, ikauzwa dola milioni 12.6. Habari za namna hiyo zinafika mpaka Nzuguni. Na sisi tulikuwa na Jordan kumi na tisa! Nikawapanga juu ya mkeka mmoja mmoja, wifi akaenda ndani akarudi na soda, tukanywa kimyakimya kama watu waliokwisha kutajirika na wanaogopa jirani asisikie.

Tatizo ni kwamba Jordan wetu walikuwa wa 1990, 1991 na 1992.

Watoto wa Marekani wa miaka ya 1950 walizichezea kadi zao, wakazibana kwenye spoku za baiskeli zilie kama pikipiki, na mama zao wakifagia wakazitupa. Zilizobaki ni chache, ndiyo maana zinagombewa. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wazima walishasikia kwamba kadi za kale ni mali, basi wakaanza kununua mpya na kuzihifadhi, maboksi kwa maboksi, mengine bila hata kufunguliwa. Kampuni nazo zikachapa bila kupumua: Topps, Fleer, Donruss, Score, Upper Deck, Hoops, SkyBox. Wamarekani wenyewe leo wanakiita kipindi kile zama za kadi takataka. Kaka alifika huko 1989, katikati kabisa ya mafuriko. Alizinunua kwa hela ya kuosha vyombo mgahawani, akazitunza kuliko vyeti vyake, na mamilioni ya wenzake walikuwa wanafanya vilevile bila kumjua.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hahitaji kuelezwa hili. Mwezi ambao wote wanavuna, unabembeleza mnunuzi huku matenga yanapigwa jua. Afadhali yeye, maana zabibu zinaoza, msimu unapita, bei inapumua. Kadi hazikuoza. Zipo zote mpaka leo, kwenye magereji na madari ya nyumba za Marekani, zinasubiri kama za kaka zilivyosubiri.

Kijana alikuwa ananionyesha Jordan wa Hoops wa 1990 aliyewekwa eBay, soko la mtandaoni, kwa dola 5,000. Nikamuuliza, nani kamnunua? Kimya. Kumbe kuna sehemu ya kuchuja ili uone vilivyouzwa kweli, si vilivyotajiwa bei. Tukachuja. Jordan yuleyule, picha ileile, alikuwa anaondoka kwa dola mbili, dola tatu. Hata mimi naweza kuandika milioni kwenye gauni la kitenge na kulitundika mlangoni. Litatundikwa.

Mnunuzi wa kwanza ni jamaa wa Dar anayenunua vitu vya kale, sarafu za mkoloni, redio za mbao, saa za mfukoni. Nikapanda SGR, 31,000 kwenda na nyingine kurudi, na kadi mia mbili bora kwenye mkoba. Alizichambua kama anayetoa mawe kwenye mchele, akasema atachukua zote kwa elfu ishirini, "za mapambo ya saluni." Halafu akaniomba nimtumie vocha. Nyota moja, na hiyo ni ya kiti alichonipa.

Wa pili ni duka la Marekani linalonunua makusanyo ya watu. Jioni tatu nzima kijana alipiga picha ukurasa kwa ukurasa, mimi nikishika taa. Jibu lilichukua wiki, na wiki hiyo wifi alikuwa anapiga simu kila asubuhi kabla sijasukuma cherehani. Jamaa akaandika kwa adabu: dola 40 kwa tranka zima, nikituma kwa gharama zangu. Mzigo ulikuwa karibu kilo tano. Nilipokwenda kuulizia kutuma, karani alibonyeza kikokotoo akanigeuzia: laki tatu na kitu. Yaani nilipe laki tatu nipate laki moja. Nikamwandikia hivyo, naye akajibu: usitume, mama, kaa nazo. Mfanyabiashara anayekukataza kumletea mzigo anastahili nyota nne. Ya tano nimeibania kwa ile wiki.

Nilimuuliza pia kuhusu kupimisha wale Jordan. Ada ya kadi moja inazidi dola 20, bado nauli ya kwenda na kurudi. Kwa kadi ya dola tatu! Ni sawa na kunilipa elfu hamsini nikutilie kiraka kwenye gunia.

Kadi iliyomchangamsha ilikuwa moja tu, Mark Jackson wa timu ya New York Knicks, Hoops ya 1990, na wala si kwa sababu ya Jackson. Nyuma yake, viti vya mbele, wamekaa vijana wawili, ndugu Menendez, ambao Agosti 1989 waliwaua baba na mama yao huko Beverly Hills. Watu walikuja kuwatambua kwenye picha hiyo miaka mingi baadaye, na sasa inatafutwa kwa sababu yao. Kaka alikuwa nazo tatu, ziko kwenye fungu aliloandika "za kawaida". Wifi alipoelezwa akasema kadi hizo hazilali nyumbani kwake. Zimelala kwangu.

Chini kabisa ya tranka palikuwa na bahasha ya kaki, mpya kuliko vitu vingine vyote. Juu yake mwandiko wa kaka: "Chuo, wa mwisho." Ndani, kadi tano za Hasheem Thabeet. Mnakumbuka 2009, timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, na mtoto wa Dar akachaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kuingia huko? Kaka hakulala usiku ule. Kumbe aliagiza kadi zake kwa rafiki aliyebaki huko, akamtengea mwanawe wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita. Kijana alitazama orodha ya waliochaguliwa mwaka ule kwenye simu, akanipa nisome mwenyewe. Wa tatu James Harden. Wa saba Stephen Curry. Kadi nzuri za Curry za msimu ule leo zinauzwa maelfu ya dola. Za Thabeet ni dola moja, mbili.

"Shangazi," akasema, "baba angenunua ya Curry, ungemsema."

Kweli ningemsema. Mwaka ule nani hapa nyumbani alikuwa anamjua Curry?

Za Thabeet hatukuzitaja kwa mnunuzi yeyote. Moja iko nyuma ya kava ya simu ya kijana, nne wifi amezirudisha kwenye bahasha. Jordan kumi na tisa wako kwangu, wanagawiwa kwa watoto wanaosindikiza mama zao kupima sare za shule, mmoja kwa mtoto, na wamebaki kumi na mmoja. Nyingine zimerudi kwenye tranka. Zile kurasa za plastiki za albamu nimezichukua mimi. Kila ukurasa una vyumba tisa, kifungo kinaingia bila kudondoka na rangi inaonekana pande zote mbili. Nyota tano. Siku hizi mteja akitaka vifungo namfungulia albamu.