Kozi ya mtandaoni ya mtihani wa tiba lishe: maswali chukua, video achana nazo

Mimi ni afisa lishe hapa Moshi, nimenunua kifurushi cha kujiandaa na mtihani wa cheti cha tiba lishe kwa watu ambao vyakula vinawakataa, ndani kuna video, noti na benki ya maswali, na niseme mapema tu hela yangu imerudi kwenye maswali. Video ni mtu anasoma slaidi mwanzo mwisho, zinakula bando balaa afu huwezi kuzishusha. Ruka.

Maswali sasa, hapo wamefanya kazi jamani. Hawakuulizi laktosi (sukari ya maziwa) ni nini, wanakuletea mgonjwa: mama anakunywa maziwa, tumbo linajaa gesi na anaharisha, hana vipele wala kifua hakibani, je ni aleji, siliaki (utumbo kuumizwa na gluteni, protini ya ngano) au upungufu wa laktasi, kimeng'enya cha kuvunja laktosi? Ukishajibu wanakueleza na yale majibu mengine yamekosea wapi, yani aleji ni kinga ya mwili inakishambulia chakula na hata kiasi kidogo kinaweza kumuua mtu, ila huyu wa laktasi kapungukiwa kimeng'enya tu, nusu glasi anaweza akaimudu vizuri. Lingine nililolipenda, mteja kashaacha ngano mwenyewe ndo anakuja kupima siliaki. Wengi tungemsifia! Kumbe kipimo cha damu kinataka awe bado anakula gluteni, la sivyo kinaweza kutoka hasi na ugonjwa anao.

Noti ziko nyuma kidogo, zinataja vizio vikuu 8 vya Marekani (vyakula vinavyoleta aleji) wakati ufuta umeshaingia kuwa wa 9 tangu 2023, bahati nzuri kwenye maswali wamerekebisha.

Lawama yangu kubwa ni vyakula. Orodha ya FODMAP (wanga mfupi unaochacha tumboni na kuleta gesi), ile iliyoanzia Chuo Kikuu cha Monash kule Australia, wameijaza asparagasi na artichoki, sasa mteja wangu wa Kiboriloni anakula mtori na kiburu nimwambie aache asparagasi ya wapi? Ikabidi niende nayo sokoni Mbuyuni nitengeneze jedwali langu na hapo ndo somo likaingia, maana kwenye mtori ndizi mbichi haina neno sana, mchawi ni kitunguu maji na kitunguu saumu, ukitaka harufu weka yale majani ya kijani ya kitunguu. Kiburu shida yake maharage. Ndizi ikishaiva fruktani (aina mojawapo ya FODMAP) zinapanda kwa hiyo mbivu na mbichi usizihesabu sawa, ugali wa mahindi na wali vinapita. Na ulezi hauna gluteni, wazee wa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, msinitafute.

Kama bado unachanganya aleji na chakula kumkataa mtu, anza na noti zako za chuo, hiki kifurushi msingi hakifundishi. Wanauza pia maswali peke yake kwa bei ya chini, mi ningekuwa nanunua leo ningechukua hayo tu.